Historia fupi ya mashine zinazokagua maneno katika msimbo

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo waundaji wengi wa programu wamekutana nalo miaka hii ya karibuni bila kuelezwa limetoka wapi. Unaandika msimbo wako vizuri, majaribio yote yanapita, unautuma kwenye mradi, na baada ya dakika mbili mfumo unakurudishia alama nyekundu. Hukukosea hesabu wala hukusahau nukta-mkato. Shida ni neno. Umekipa kibadilika chako jina "blacklist", na mashine inakuomba utumie "blocklist" au "denylist".

Wengine hucheka, wengine hukasirika, wengine hubadilisha neno upesi waendelee na kazi. Mimi naona ni afadhali kwanza tujue historia yake. Ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, sehemu yake moja ilianzia katika bara hili letu, na sisi tunaoandika programu kwa Kiswahili tuna maswali ambayo orodha za Kiingereza haziwezi kutujibia.

Saa ya Cape Town

Tuanze na maneno mawili yaliyoleta kelele nyingi kuliko yote: "master" na "slave", yaani bwana na mtumwa. Mwaka 2007 mtafiti Ron Eglash alichapisha makala katika jarida la Technology and Culture akiuliza wahandisi waliyatoa wapi maneno haya. Mfano wa zamani zaidi alioupata ulikuwa wa mwaka 1904, na haukutoka Marekani. Ulitoka Cape Town.

David Gill, mwanaastronomia wa Uskochi aliyeongoza kituo cha kuangalia nyota kule Rasi ya Tumaini Jema, alieleza saa yake yenye sehemu mbili. Moja ilikuwa pendulamu iliyofungiwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa kwa urahisi, ikibembea bila kusumbuliwa. Ya pili ilikuwa saa yenye magurudumu, iliyofuata mwendo wa ile ya kwanza. Hiyo ya pili ndiyo aliyoiita saa mtumwa.

Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku kule Rasi mwaka 1834, kwa hiyo Gill aliandika miaka 70 baadaye. Lakini hebu tuangalie pwani yetu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Yaani Gill alipokuwa akilipa neno hilo maana ya kihandisi, Mombasa, Malindi na Lamu bado zilikuwa na watu ambao sheria iliwatambua kuwa watumwa. Miaka mitatu zaidi ilihitajika. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba hilo ni "neno la kiufundi tu", mwambie ni kweli lilikuja kuwa la kiufundi, ila lilipochaguliwa kila mtu alijua linamtaja nani.

Kutoka kwenye saa neno likahamia kwenye tarakilishi. Mwaka 1964 Chuo cha Dartmouth, Marekani, kilianzisha mfumo ambao watu wengi waliweza kutumia tarakilishi moja kwa wakati mmoja. Kwa kweli zilikuwa mashine mbili: moja ilipanga kazi na nyingine ikazifanya, na wenyewe walizieleza kwa maneno hayo hayo ya bwana na mtumwa. Baadaye yakaingia kwenye hifadhidata, kwenye nyaya, na kwenye diski.

Wale waliowahi kufungua tarakilishi kuukuu miaka ya 2000 watakumbuka jampa, kile kiplastiki kidogo nyuma ya diski. Ukiunganisha diski mbili kwenye waya mmoja, ilikubidi uiweke moja kuwa "master" na nyingine kuwa "slave", la sivyo mashine ingekataa kuzitambua. Jambo la kuchekesha ni kwamba diski ya kwanza haikuwa ikiitawala ya pili hata kidogo. Zote mbili zilipokea amri kutoka kwa tarakilishi. Hati rasmi za kiwango cha ATA ziliziita kwa namba tu, kifaa 0 na kifaa 1, na maelezo hayo yalikuwa sahihi zaidi. Kumbuka hoja hii, maana tutairudia: mara nyingi neno la zamani huumiza na pia hudanganya kuhusu jinsi kitu kinavyofanya kazi.

Mashine yaanza kusoma

Sasa upande wa pili wa historia: ni lini mashine zilianza kutukosoa maneno?

Turudi kwenye maabara za Bell Labs, Marekani, mahali Unix ilipozaliwa. Mwaka 1975 Stephen C. Johnson aliandika toleo la kwanza la programu ya "spell", iliyolinganisha maneno ya waraka na orodha ya maneno sahihi. Mtu huyo huyo, mwaka 1978, aliandika "lint", programu iliyosoma msimbo wa lugha ya C na kuonyesha sehemu zenye mashaka. Jina hilo maana yake ni vile vinyuzi vidogo vinavyonata kwenye nguo. Nguo bado inavaliwa, lakini ukivitoa inapendeza. Ndiyo maana hadi leo programu zote za aina hii huitwa "linter".

Hapo hapo Bell Labs, Lorinda Cherry, Nina Macdonald na wenzao walitengeneza mkusanyiko ulioitwa Writer's Workbench, uliojulikana sana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndani yake mlikuwa na "style", iliyopima urefu wa sentensi, na "diction", iliyotafuta maneno ya kujazia nafasi. Na mlikuwa na programu ndogo iliyoitwa "sexist". Kazi yake ilikuwa kutafuta maneno ya Kiingereza yanayowabagua wanawake, kama vile vyeo vinavyodhani kwamba kila mfanyakazi ni mwanamume, na kupendekeza mengine.

Kwa hiyo anayedhani kwamba ukaguzi huu wa maneno ulibuniwa na vijana wa mitandao ya kijamii amekosea kwa miaka 30 hivi. Ulikuwepo kwenye Unix, ukaandikwa na watu wa Unix wenyewe. Na njia yake haijabadilika sana: orodha ya maneno, maneno mbadala, na kitanzi kinachopitia maandishi. Mashine haielewi chochote, inalinganisha herufi na herufi. Nguvu yake yote na udhaifu wake wote vinatoka hapo.

Barua ya Los Angeles

Mwaka 2003 mfanyakazi mmoja wa Kaunti ya Los Angeles aliona kifaa cha video kimeandikwa "master" na "slave", akalalamika. Mwezi Novemba idara husika iliwaandikia wauzaji wa vifaa ikiwaomba wakague bidhaa zao na kuondoa maneno hayo. Dunia nzima ya tarakilishi ilicheka. Mwaka 2004 shirika la Global Language Monitor liliitaja kuwa kisa namba moja cha mwaka cha kupita kiasi katika kujali hisia za watu.

Kicheko hicho kilidumu kama miaka kumi. Mwezi Mei 2014 mradi wa Django ulibadilisha maneno hayo katika hati zake, kwanza ukajaribu "leader" na "follower", kisha ukatulia kwenye "primary" na "replica". Mwaka huo huo Drupal na CouchDB pia zilibadilisha. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Python. Victor Stinner alipendekeza mabadiliko, mabishano yakawa makali, na mwishowe Guido van Rossum mwenyewe ndiye aliyeamua.

Kisa cha Redis cha mwaka huo huo ndicho kinachonifundisha zaidi. Salvatore Sanfilippo, aliyeianzisha, hakuona haja ya kubadilisha na alisema hivyo waziwazi. Lakini alisikiliza. Katika Redis 5 aliongeza amri mpya, REPLICAOF, na ile ya zamani, SLAVEOF, akaiacha ikifanya kazi kama jina la pili. Sababu yake ni ya mhandisi yeyote: kuna maelfu ya skripti duniani zinazoita amri ya zamani, na ukiifuta usiku, asubuhi biashara za watu zimesimama.

Tayari mwaka 2015 Titus Wormer alikuwa ametoa "alex", programu inayosoma hati na kuonyesha maneno yanayoweza kuwaumiza wengine. Alex ilikuwa na akili kidogo kuliko orodha tupu. Kwa mfano, hailalamikii neno "master" likiwa peke yake, inalalamika pale linapoonekana pamoja na "slave". Maana yake ni kwamba aliyeiandika alikuwa ameanza kujali muktadha.

Mwaka 2020

Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis. Maandamano yakaenea, na kampuni za teknolojia zikaulizwa zinafanya nini. Jibu moja lilikuwa maneno.

Mambo yalikwenda kwa kasi. Mwezi Julai toleo la Git 2.28 liliongeza mpangilio wa kuchagua jina la tawi la kwanza. Kuanzia tarehe 1 Oktoba GitHub ilifanya hazina zote mpya zianze na tawi la "main" badala ya "master". Linus Torvalds alikubali mwongozo mpya wa maneno katika kiini cha Linux, toleo la 5.8. Shirika la vifaa huria, OSHWA, lilipendekeza majina mapya ya pini za SPI ambazo wapenzi wa Arduino wanazijua kama MOSI na MISO. Mwezi Novemba kampuni kama Cisco, IBM, Red Hat na VMware pamoja na shirika la CNCF zilitangaza Inclusive Naming Initiative, ili kila mradi usijitungie orodha yake.

Ndipo zikaja programu za ukaguzi. Caitlin Elfring alitoa "woke", iliyoandikwa kwa lugha ya Go. Chuo Kikuu cha Princeton kilitoa "blocklint" kwa Python. Mradi wa Chromium uliweka ukaguzi ndani ya hatua zake za kabla ya kupokea msimbo, pamoja na faili yenye orodha ya saraka zilizosamehewa kwa sababu zilikuwa na maneno ya zamani mengi mno kubadilishwa kwa siku moja.

Je, yote haya yalisaidia? Wako wahandisi weusi waliosema hadharani kwamba hawakuomba majina ya matawi, waliomba kuajiriwa, kupandishwa vyeo na kulipwa sawa. Hoja hiyo ni nzito na haijaisha. Kubadilisha neno ni kazi ya mchana mmoja, na kampuni ikitaka kuonekana imefanya kitu, hapo ndipo pa rahisi. Lakini upande wa pili una hoja pia. Neno unaloliona mara hamsini kwa siku si kitu kidogo kwa mtu ambaye babu wa babu yake aliuzwa. Kwangu mimi hoja hizi mbili hazipingani. Mtu anaweza kudai mshahara wa haki na jina la haki siku hiyo hiyo.

Inavyofanya kazi

Haya, tuingie jikoni. Ukaguzi rahisi kabisa hauhitaji kusakinisha chochote:

grep -rniw -e blacklist -e slave src/

Hiyo inakuonyesha faili na mstari. Ianze hiyo kabla ya yote, ujue una maneno mangapi, ishirini au elfu mbili. Mpango wako utategemea jibu hilo.

Ukitaka kitu cha kudumu, unaandika faili ya kanuni. Kwa "woke" inakuwa hivi:

rules:
  - name: slave
    terms:
      - slave
    alternatives:
      - replica
    severity: warning
    note: "Hii ni nakala ya data, iite nakala"

Kisha unaiita katika mfumo wako wa ukaguzi kila mtu anapotuma mabadiliko. Hapa historia inatupa mafunzo manne.

La kwanza, anza na onyo, usianze na kizuizi. "Woke" yenyewe haiangushi ukaguzi mpaka uiambie hivyo kwa makusudi. Mtu anayetuma msaada wake wa kwanza kwenye mradi wako, akizuiwa na mashine kwa neno ambalo hata hakuliandika yeye, harudi tena.

La pili, kagua mistari mipya tu. Ya zamani ibadilishe taratibu, kwa mkono, ukiwa na majaribio. Ile orodha ya Chromium ya saraka zilizosamehewa isikuonee aibu, ni njia ya busara.

La tatu, ruhusu visamehe. Mwongozo wa Linux unasema wazi kwamba maneno ya zamani yanabaki pale ambapo kuyabadilisha kungevunja programu za watumiaji, au pale ambapo kiwango cha kifaa kinayataka. Kama hati ya chipu inaita rejista kwa jina fulani, kuibadilisha katika msimbo wako kunampoteza anayesoma hati na msimbo pamoja. Katika "woke" unaandika maelezo ya "wokeignore" juu ya mstari huo, na kando yake ueleze sababu.

La nne, kila neno kwenye orodha liwe na sababu inayosomeka. Orodha isiyo na sababu watu huikwepa.

Na Kiswahili je?

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana miradi ya Kiswahili ipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice tangu mwaka 2004, na leo programu nyingi za simu zina maandishi ya Kiswahili. Siku moja mtu atataka kuyakagua. Akichukua orodha ya Kiingereza na kuitafsiri, atapata shida.

Mfano. Sema umeamua kukataza neno "mtumwa". Kwa kuwa lina umbo la "watumwa", "utumwa" na "kitumwa", unaona ni rahisi kuandika kipande "tumwa" tu. Katika "woke", mpangilio wa mwanzo hutafuta kipande popote kilipo, hata katikati ya neno. Matokeo yake? "Ujumbe wako umetumwa." "Pesa zimetumwa." "Barua pepe haijatumwa." Kila programu ya mazungumzo na ya malipo nchini itawaka nyekundu. Maana "mtumwa" linatoka kwenye kitenzi "tuma", ni yule anayetumwa, na kutoka mzizi huo huo tunapata "mtume" na "mtumishi". Waingereza walionja hili mwaka 1996, pale kichujio cha AOL kilipokataa kusajili wakazi wa mji wa Scunthorpe kwa sababu ya herufi nne zilizomo ndani ya jina la mji wao. Kwetu, lugha inayobandika viambishi mbele na nyuma, tatizo hilo liko kila sentensi. Unatakiwa uorodheshe maneno mazima, umbo kwa umbo.

Kwa upande mwingine, kazi kubwa ya orodha za Kiingereza sisi hatuihitaji. Nusu ya kelele za "alex" ni kuhusu kutofautisha mwanamume na mwanamke. Kiswahili kinasema "ameingia" na hakuna anayejua kama ni Juma au Amina. Hilo bibi zetu walilimaliza kabla ya Unix.

Lakini tuna yetu. "Zeruzeru" limeachiwa nafasi na "mtu mwenye ualbino", na si suala la adabu tu, kwa sababu katika eneo hili watu wameuawa kwa kuonekana kama si watu. "Kilema" na "kiwete" yako katika ngeli ya vitu, na wenyewe wanataka "mtu mwenye ulemavu". Maneno haya hayamo katika orodha yoyote ya Kiingereza. Ni sisi wa kuyaandika.

Na Kenya tumeshaonja orodha ya maneno. Mwezi Aprili 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki. "Madoadoa" lilikuwemo, na waliopitia machafuko ya uchaguzi huko nyuma wanajua kwa nini: lilitumika kuwaita majirani madoa ya kuondolewa. "Sipangwingwi" pia lilikuwemo. Mwezi Julai mwaka huo Mahakama Kuu ililitoa hilo la pili kwenye orodha. Angalia tofauti. "Madoadoa" ni neno la kawaida kabisa, chui ana madoadoa, picha mbovu ina madoadoa, na mtu anayeandika programu ya kusafisha picha anaweza kulitumia kihalali. Lakini likitamkwa jukwaani mbele ya umati ni jambo jingine. Mashine inayolinganisha herufi haiwezi kujua iko jukwaani au iko kwenye picha. Mtu anajua.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mradi wa Kiswahili ni huu. Andika orodha fupi, maneno kumi au kumi na tano, mazima. Yaweke yote kama onyo. Kila moja liwe na sentensi moja ya sababu, kwa Kiswahili. Waulize wanaoitwa kwa maneno hayo kabla hujachagua mbadala, usiwachagulie. Na onyo likitokea, mtu mmoja wa mradi asome mstari wenyewe kabla ya kumwambia mwenzake abadilishe.

Kuhusu yale maneno mawili ya Gill, tafsiri yake usihangaike nayo. Ukieleza hifadhidata zako, sema "hifadhidata kuu" na "nakala". Msomaji ataelewa mara moja data inatoka wapi na inakwenda wapi.